Abussuud Efendi, Mufti Aliyetetea Waqfu wa Pesa



Bila shaka umeshawahi kuyasikia matangazo ya baada ya taraweh. Mwezi ukiingia kumi la mwisho, imamu anasimama na kutwambia kuna ndugu katoa kiasi fulani cha pesa, na ametaka ziwe waqfu kwa ajili ya madrasa. Takbir inapigwa, tunamuombea dua, tunavaa viatu na kurudi majumbani kwa baridi hii yetu ya mlimani. Sasa nikuulize wewe kijana mwenzangu: Ramadhan ijayo zile pesa utazikuta wapi? Hazitakiwi kuliwa. Zikiliwa zimekuwa sadaka ya kawaida, na yule ndugu hakunuia sadaka ya kawaida. Alinuia kitu kibaki.

Wenzetu wa Mombasa na Lamu swali hili haliwasumbui sana. Wazee wao waliacha mashamba ya minazi, nyumba na maduka. Nyumba hailiki. Inakodishwa, kodi inalipa mafuta ya taa za msikiti na posho ya mwalimu, na nyumba yenyewe inabaki pale pale. Sisi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru historia yetu ni nyingine. Waislamu wa kwanza wa miji hii wengi wao walikuja mwanzoni mwa karne ya ishirini wakiwa askari, wapagazi na wachuuzi. Wakakaa Majengo, kwenye viwanja ambavyo hawakuwa na hati navyo. Mtu asiye na ardhi ataweka waqfu nini? Ataweka alichonacho, nacho ni pesa mkononi.

Na hapo ndipo shida inapoanzia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba pesa haifai kuwekwa waqfu. Sababu si ngumu. Waqfu ni kuzuia asili ya kitu na kutoa matunda yake, kama Sayyidna Umar alivyofanya kwa ushauri wa Mtume (s.a.w.) katika ardhi yake ya Khaybar. Ardhi unaila mazao na yenyewe inabaki. Pesa huwezi kuitumia ila iondoke mkononi mwako.

Nataka nikupeleke mbali kidogo, mpaka Istanbul ya miaka karibu 500 iliyopita, ukaone maisha ya mtu aliyebeba suala hili hili mabegani. Jina lake ni Abussuud Efendi. Ukienda kwenye maktaba ya sheikh wako huenda ukalikuta jina hilo kwenye mgongo wa tafsiri ya Qur'ani iitwayo Irshad al-Aql al-Salim, ambayo wanavyuoni wanaitumia hadi leo. Lakini si kwa tafsiri tu anapotuhusu.

Alizaliwa mwaka 1490. Baba yake alikuwa sheikh wa tarika, tena sheikh aliyependwa na Sultan Bayezid wa Pili, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ya vitabu na wageni wakubwa. Usimuonee wivu. Wapo wengi waliozaliwa kwenye nyumba kama hizo wakatoka bure. Yeye alisoma kwanza kwa baba yake, kisha kwa wanavyuoni wengine, akafundisha madrasa moja baada ya nyingine hadi akafika zile madrasa nane za Sultan Mehmed katika Istanbul, ambazo zilikuwa ndio kilele cha elimu katika dola ya Uthmaniya. Mwaka 1533 akafanywa kadhi wa Bursa, na mwaka huo huo akahamishiwa ukadhi wa Istanbul. Mwaka 1537 akawa kadhi wa jeshi kwa upande wa Ulaya, cheo cha kuwasimamia makadhi wote wa upande huo. Mwaka 1545, akiwa mtu wa miaka 50 na ushei, Sultan Suleiman akamfanya Sheikhul-Islam, yaani mufti mkuu. Akakaa kwenye kiti hicho miaka karibu 30 mpaka kufa kwake.

Kazi ilikuwa ya ajabu. Waandishi wa zamani wanasimulia kwamba kuna siku alijibu maswali 1,412 na siku nyingine 1,413. Hata ukipunguza nusu kwa kuwa wasimulizi hupenda kutia chumvi, bado ni kazi. Alikuwa na makarani wanaolipanga swali la muulizaji likae vizuri, naye mufti anaandika jibu, mara nyingi neno moja tu: ndiyo au hapana. (Watu wa Nyeri hamtapenda hili, lakini fatwa zake ziliwakemea pia waliokaa vikundi vikundi kunywa kahawa katika mchezo na upuuzi. Tumsamehe, hakuiona kahawa yetu.)

Turudi kwenye pesa. Wakati Abussuud anashika umufti, waqfu wa pesa ulikuwa umeshaenea katika miji ya Waturuki kama uyoga baada ya mvua. Wa mwanzo unaojulikana ulikuwa mji wa Edirne mwaka 1423. Mtu anatoa, tuseme, akche 10,000, sarafu za fedha za wakati ule. Anamteua msimamizi, anaandikiwa hati mbele ya kadhi. Msimamizi anazikopesha kwa wafanyabiashara na watu wenye haja, faida inayopatikana kila mwaka inamlipa mwalimu wa watoto, au inanunua mishumaa ya msikiti, au inasaidia mtaa kulipa kodi. Asili inarudi sandukuni, inakopeshwa tena.

Na walioweka hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwemo wajane, mafundi, wauza mafuta. Watu kama mimi na wewe, wasio na shamba.

Lakini yule aliyerithi kiti chake cha ukadhi wa jeshi mwaka 1545, mwanachuoni kwa jina la Çivizade, alisimama akasema jambo hili ni batili. Usimdharau Çivizade. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kuwa Sheikhul-Islam kabla ya hapo, na hoja yake ni ile ile ambayo sheikh wako wa Kishafi angeitoa: pesa haina asili inayobaki, na hakuna imamu mkubwa wa Kihanafi aliyeiruhusu wazi wazi. Sultan akamsikiliza, na amri ikatoka ya kupiga marufuku.

Hebu fikiria siku ile. Mamia ya misikiti na vyuo vya watoto vilitegemea sanduku la pesa. Kama waqfu ni batili, basi zile pesa ni mali ya warithi wa aliyeweka, warudishiwe. Mwalimu hana mshahara. Taa inazimwa.

Abussuud akaandika risala kuutetea waqfu wa pesa. Alijenga hoja yake juu ya mambo mawili. La kwanza, Imam Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, imepokewa kwake kwamba dirhamu zinaweza kuwekwa waqfu zikatolewa kwa biashara ya mudharaba, na faida ikawa sadaka. La pili, Imam Muhammad bin Hasan al-Shaybani alikubali waqfu wa vitu vinavyohamishika pale ambapo watu wameshazoea kuviweka. Wamezoea au hawakuzoea? Wamezoea, tena kwa zaidi ya miaka 100, na makadhi wakiandika na kupiga mihuri. Kubatilisha sasa ni kuwadhulumu masikini wanaokula humo.

Hakuwa peke yake. Kutoka mji wa Sofia, ambao leo uko Bulgaria, sheikh mmoja wa tarika aitwaye Bali Efendi aliwaandikia wakubwa barua akiwaeleza hali ilivyo huko. Ndugu msomaji, kisa cha huyu ndicho kilichonifanya nichague habari hii. Miji ile ya Ulaya ilikuwa ni miji ya Waislamu wageni, haikuwa na urithi mkubwa wa zamani wa kuendeshea misikiti yake. Ukiiondoa pesa, unauondoa msikiti. Si ndiyo hali yetu? Badala ya Sofia weka Nanyuki.

Çivizade akafariki mwaka 1547. Mwaka 1548 Sultan akatoa amri mpya, waqfu wa pesa ukaruhusiwa tena.

Hapo wasimulizi wengi huishia, mufti kashinda. Lakini kuruhusu kitu ni siku moja, kukisimamia ni miaka mia. Abussuud alilijua hilo kuliko sisi, maana alikuwa kadhi kabla ya kuwa mufti.

Jambo la kwanza lilikuwa kuufunga waqfu usifunguliwe. Kwa Imam Abu Hanifa, aliyeweka waqfu anaweza kugeuza nia. Kwa hiyo ikawa desturi, mtu akishaandikisha, anajifanya amebadili mawazo, anamshitaki msimamizi kwa kadhi akitaka pesa zake. Msimamizi anajitetea kwa kauli ya Zufar na ya wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa. Kadhi anahukumu kwamba waqfu ni sahihi na hautenguki, na hukumu ya kadhi inamaliza khilafu. Kesi ya kuigiza, ndiyo, lakini mwisho wake ni karatasi yenye muhuri ambayo hata watoto wa marehemu hawaiwezi.

La pili ni kiwango cha faida. Wasimamizi wengine walikuwa na tamaa. Amri ya Sultan ikaweka mpaka: kila kumi irudi kumi na moja na nusu, isizidi. Fatwa za Abussuud zinamtaka anayezidisha atiwe adabu na kufungwa. Kumi kwa kumi na moja na nusu ni asilimia 15 kwa mwaka, na hapa lazima moyo wako ukugongee. Je, hiyo si riba? Walikuwa na njia yao. Msimamizi anampa mtu akche 1,000, papo hapo anamuuzia kitambaa kwa akche 150 za kulipa mwakani. Kitambaa kinarudi kwa msimamizi kwa njia ya zawadi au kwa mkono wa mtu wa tatu. Mwaka ujao kitambaa kile kile kinauzwa kwa mtu mwingine. Kwenye karatasi ni biashara. Kwa macho ya kawaida, kitambaa hakijawahi kumvisha mtu.

Mimi sina cheo cha kumhukumu Sheikhul-Islam. Lakini ukiniuliza, hapa ndipo jengo lake lilipokuwa na ufa. Zufar alisema mudharaba, biashara ya kweli, faida na hasara pamoja. Wao wakaenda kwenye mkopo kwa sababu mkopo ni rahisi na hauna hasara.

Ufa huo uliona na mtu mwingine, tena kwa macho makali. Kwenye mji mdogo wa Birgi alikuwepo mwalimu aitwaye Muhammad Birgivi, mdogo kwa Abussuud kwa zaidi ya miaka 30, asiye na cheo cha dola. Huyu aliandika kitabu kizima kumpinga mufti mkuu, akakiita Upanga Ukatao. Alisema waqfu wa pesa haufai, na kwa kuwa haufai basi zakka za pesa zile hazilipwi na warithi wanadhulumiwa haki yao. Akawataja pia wasimamizi wanaoingia kwenye riba hali wanadhani wanatumikia msikiti. Birgivi alifariki mwaka 1573, mwaka mmoja kabla ya Abussuud. Inanifurahisha kwamba mwalimu wa mji mdogo aliweza kumkosoa mtu mkubwa kama yule kwa maandishi, na vitabu vya wote wawili vinasomwa hadi leo.

Sultan Suleiman alipofariki vitani mwaka 1566, Abussuud ndiye aliyemsalia huko Istanbul. Alikuwa mzee, na watoto wake kadhaa walikuwa wamemtangulia. Akaendelea na kazi chini ya Sultan Selim wa Pili. Naye akafariki Agosti 1574, akiwa na miaka zaidi ya 80.

Sasa angalia kilichotokea nyuma yake, maana maisha ya mtu wa waqfu hayaishii kaburini. Miaka kama 11 tu baadaye, mnamo 1585 na 1586, serikali ilipunguza fedha iliyomo ndani ya akche kwa karibu nusu. Waqfu wa akche 10,000 ukabaki wa akche 10,000. Hakuna aliyeiba, na daftari liko safi. Lakini mkate haukubaki bei ile, na mshahara wa mwalimu ukayeyuka. Fatwa haikuwa na dawa ya hilo. Nasi tusicheke: mwaka 1980 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi za Kenya zisizotimia 8, na mwisho wa 2024 ilitaka karibu 130. Mzee wa Karatina aliyeacha shilingi 10,000 mwaka ule wa 1980 zikalala tu kwenye akaunti, alidhani kaacha kitu kikubwa.

Watafiti waliopekua madaftari ya Bursa ya karne ya 16 hadi ya 19 wamekuta mengine. Sehemu kubwa ya waqfu zile zilikufa kabla ya kutimiza miaka 100, ingawa kama moja katika tano zilivuka. Zilizovuka mara nyingi ni zile ambazo watu waliofuata waliongezea mtaji. Na wamekuta wasimamizi waliojikopesha wenyewe pesa za waqfu kwa faida ndogo kisha wakazikopesha kwa wenye mabenki wa Istanbul kwa faida kubwa, tofauti wakaweka mfukoni. Kadhi alikuwepo, muhuri ulikuwepo, na bado!

Sisi tuko wapi? Kenya ina sheria ya waqfu tangu mwaka 1900, na sheria inayotumika sasa asili yake ni ya mwaka 1951. Inaunda Tume ya Waqfu yenye makao Mombasa, na kazi yake kwa miaka yote imekuwa zaidi ni nyumba na mashamba ya pwani. Huku bara misikiti na madrasa nyingi zimeshikwa na wadhamini walioandikishwa chini ya sheria ya kawaida ya wadhamini, ambayo haijui Zufar ni nani. Katiba ya 2010, ibara ya 170, inampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Waqfu haukutajwa. Kwa hiyo ule muhuri ambao Abussuud aliutegemea, wa kadhi anayeweza kumuita msimamizi na daftari lake, huku kwetu hauko namna ile. Msimamizi wa pesa za msikiti anasimamiwa na nani? Na kamati. Kamati inasimamiwa na nani? Nimewahi kukaa kwenye kamati moja, sitautaja msikiti, mweka hazina akahama mji na daftari likahama naye. Hatukujua tumpeleke wapi. Sidhani alikula. Nadhani alisahau tu, na sisi tukaona haya kumuuliza ndugu yetu.

Na kuna haya nyingine. Tukiulizana habari ya hesabu inaonekana kama tunatiliana shaka ya imani. Wakati ule hati iliandika jina la msimamizi na malipo yake, na waqfu nyingi zilikuwa na mkaguzi juu ya msimamizi. Hakuna aliyeona ni tusi. Mtu wa kazi hii alilipwa akaulizwa. Sisi tunataka afanye bure halafu tusimuulize, na tunaita hiyo ni ikhlasi.

Kwa upande wa fiqhi mlango umefunguka. Mwezi Machi 2004 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Muscat, mji ambao babu wa wengi wa pwani wanaujua, likapitisha kwamba waqfu wa pesa unafaa, iwe kwa mkopo mwema usio na ziada au kwa kuuwekeza kwenye biashara ya halali. Mwaka 2008 zikafunguliwa Kenya benki mbili za mwanzo zinazofuata sharia kikamilifu, kwa hiyo hata ile sababu ya kutokuwa na pa kuweka imepungua. Kilichobaki ni ile kazi ya Abussuud akiwa kadhi: nani anaandika, nani anashika, nani anakagua, na shilingi ikianguka nani ana ruhusa ya kuihamisha pesa kuwa kiwanja au duka kabla haijayeyuka. Hilo la mwisho liandikwe siku ya kwanza, mwenye pesa akiwa hai. Akishafariki, sharti lake ndilo sheria, na hakuna wa kumuuliza alikusudia nini.

Uturuki yenyewe ilifika mbali. Mwaka 1826 Sultan Mahmud wa Pili aliunda wizara ya waqfu na kuanza kuzikusanya mikononi mwa serikali. Na mwaka 1954, mitaji ya waqfu za pesa zilizobaki ikatumika kuanzisha benki, VakıfBank, ambayo iko mpaka leo. Ni benki ya kawaida, yenye riba yake. Birgivi angesema alituonya.

Abussuud amezikwa Eyüp, Istanbul, kwenye ua wa chuo cha watoto alichokijenga yeye mwenyewe.